Benchi la Mwisho wa Maili

Si zamani sana, na si mbali kiasi cha kuhitaji pasipoti, palikuwa na nchi iliyojaliwa kila kitu isipokuwa haraka. Naomba msomaji asianze kuitafuta kwenye ramani. Wanaoitawala hawapendi kutafutwa, na mimi nasimulia tu kama nilivyosikia. Sina nia mbaya na mtu.

Katika nchi hiyo aliishi Chande, msukuma mkokoteni wa sokoni, pamoja na mkewe Sikudhani, ambaye alikuwa na mimba changa. Ilikuwa mimba yao ya pili. Mtoto wa kwanza walimpoteza njiani, juu ya mkokoteni huo huo, siku ambayo Chande alikuwa na homa na miguu ikamgomea katikati ya barabara. Kutoka nyumbani kwao mpaka zahanati ni maili moja. Zahanati yenyewe haikuwa na vitanda vya kusubiria, kwa hiyo mama mjamzito alitakiwa kuugulia nyumbani kwanza, kisha aje mbio na uchungu wake.

Najua mtu atauliza kwa nini maili na si kilomita. Nchi ile ilipima kila kitu kwa kilomita, lakini maili ilihifadhiwa kwa heshima ya Mkuu wa Nchi, ambaye aliwahi kuikimbia ujanani akiwa masomoni ng'ambo, akarudi nayo. Inasemekana ndicho kitu pekee alichorudi nacho.

Chande aliapa kwamba safari hii mtoto atafika. Kila alfajiri, kabla soko halijafunguliwa, alipakia gunia la mahindi lililopunguzwa mpaka likalingana na uzito wa mkewe, akalikimbiza hadi mlango wa zahanati, kisha akarudi nalo.

"Hilo gunia linakufaa kuliko mimi," Sikudhani alimtania. "Mashimo yote yale, wala halilalamiki."

"Na halinifinyi mgongo nikizembea."

"Hiyo nimekuwekea siku yenyewe."

Tatizo lake lilikuwa moja tu. Hakujua kama anakimbia vizuri. Hakuwa na mtu wa kujilinganisha naye, kwa kuwa wasukuma mikokoteni wenzake walipomwona na gunia lake alfajiri walidhani ameiba. Basi akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha afya, ambako Daktari Ruzika alikuwa akijibu maswali ya wasikilizaji.

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Chande, wa mikokoteni. Nina swali dogo. Mtu mzima wa kawaida, si mwanariadha, akikimbia maili moja, muda mzuri ni upi?"

"Una umri gani, ndugu yangu?"

"Thelathini na kitu."

"Sigara?"

"Nikipewa."

Daktari Ruzika akacheka. "Sikiliza. Kwa mtu wa kawaida ambaye hajafundishwa, dakika tisa mpaka kumi na mbili si vibaya hata kidogo. Ukiweza chini ya nane, wewe ni hodari. Lakini usishindane na watu. Muda mzuri ni ule unaopungua kidogo kidogo, huku moyo wako ukiwa salama."

"Na kama unasukuma mkokoteni?"

"Mkokoteni umebeba nini?"

"Mke wangu."

"Basi ongeza dakika mbili, na uangalie mashimo."

Kipindi kikaisha, ukapigwa wimbo wa dansi, na Chande akaenda kazini akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Hakuna aliyejua kwamba nchi imetukanwa.

*

Ilikuwa hivi. Miezi michache kabla ya simu ile, katika Siku ya Maili, Mkuu wa Nchi alikuwa amekimbia maili yake ya kila mwaka katika uwanja wa taifa, mizunguko minne, mbele ya umati uliosombwa kwa malori. Magazeti yote yalisema ametia fora. Muda wake ulikuwa dakika thelathini na moja. Ndani ya muda huo alisimama kuwapungia mabalozi mkono, akanywa dafu, akatoa hotuba fupi kuhusu uvivu wa vijana, na kwenye kona moja alibebwa kidogo, kwa sababu ya upepo. Yote yalihesabiwa kuwa ni mbio.

Sasa daktari wa redio anawaambia raia kwamba mtu wa kawaida humaliza kwa dakika tisa.

Wa kwanza kuumia alikuwa Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Lutengano Kasongwa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye wizara yake ilikuwa haijawahi kupata kazi tangu ianzishwe. Jioni ile ile alijitokeza kwenye televisheni akiwa amevaa suti nyeusi na raba nyeupe.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumsikilize vizuri huyu anayejiita daktari. Anatuambia kwamba msukuma mkokoteni, tena akiwa na mke ndani ya mkokoteni, anamwacha Mkuu wa Nchi nyuma kwa dakika kumi na saba. Mimi nauliza maswali ya kawaida tu. Huyo msukuma mkokoteni anawahi wapi? Nani amemtuma atangulie? Na huko mbele, katika hizo dakika kumi na saba za kuwa peke yake, anafanya nini?"

Watu wakatazamana majumbani. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

Ikaundwa Tume ya Muda Mzuri. Wajumbe wake walizitembelea nchi ambazo watu wake hukimbia sana, wakakaa kwenye hoteli zenye madirisha yanayotazama barabara, wakawaona kwa macho yao wenyewe wakipita. Walirudi wamenenepa, wakiwa na majibu matatu. Kwanza, mtu wa kawaida ni mtu yeyote ambaye akipita barabarani magari mengine hayalazimiki kusimama. Pili, mtu mzima ni yule anayejua asichotakiwa kusema. Tatu, muda mzuri wa maili kwa mtu mzima wa kawaida ni muda wowote usiopungua ule wa Mkuu wa Nchi.

Daktari Ruzika aliombwa arudi redioni kusahihisha. Akarudi, akasema kwamba ameitafakari taarifa ya Tume usiku kucha, lakini moyo wa binadamu hausomi magazeti ya serikali. Kesho yake alipandishwa cheo, akawa Mganga Mkuu wa kisiwa kisicho na watu. Nasikia tangu aende huko hajaugua mtu hata mmoja, na Wizara ya Afya huitumia takwimu hiyo kila inapoomba misaada.

*

Msomaji asidhani kwamba mbio zilipigwa marufuku. Nchi ile ilikuwa ya kidemokrasia. Kila raia alikuwa huru kukimbia kadiri ya uwezo wake. Alichotakiwa ni asifike tu. Kwa hiyo mwishoni mwa kila maili, katika kila barabara, ikafungwa kamba ya katani kukatiza njia, na pembeni ya kamba likawekwa benchi refu, lililoitwa Benchi la Adabu. Ukifika kabla ya dakika thelathini na moja, unakaa. Muda wa Mkuu ukitimia, msimamizi anapuliza kipenga, kamba inashushwa, na unaendelea na safari yako kama mtu mwenye heshima zake.

Mwanzoni watu walinung'unika. Kisha, kama kawaida yetu binadamu, wakazoea, na baada ya kuzoea wakaanza kupenda. Wauza kahawa na kashata wakahamia penye mabenchi. Marafiki ambao hawakuwa wameonana kwa miaka walikutana hapo. Posa zilipelekwa hapo, na ugomvi wa mipaka ya mashamba ukasuluhishwa hapo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuondoka kwa hasira. Zimamoto nao walikaa, wamevaa kofia zao, mipira ya maji mapajani, wakiutazama moshi kwa mbali na kubashiri ni nyumba ya nani. Watalii walipenda sana. Waliandika kwamba hawajawahi kuona taifa linalojua kupumzika namna hii.

Shule zikafundishwa wimbo. Niliupata kwa mtoto wa jirani, na nauweka hapa kwa sababu mizani yake imetimia, jambo ambalo ni nadra katika kazi za serikali:

Baba akiwa njiani, nani wa kutangulia?
Miguu yetu jamani, yake tunamshikia,
Tukae bila huzuni, saa kuisubiria,
Afikapo ukingoni, ndipo tutainukia.

Sasa turudi kwa Chande, maana mambo haya yote yalianza na swali lake, na benchi la barabara yao liliwekwa mahali ambapo maili ilikomea: ng'ambo tu ya zahanati. Ukikaa juu yake ulikuwa unaona lango la bluu, unaona kanga zilizoanikwa, unasikia watoto wakilia kwa sindano. Katikati kulikuwa na kamba na upana wa barabara, basi.

Msimamizi wa benchi hilo aliitwa Ngwale, askari mstaafu, mtu mpole mwenye saa kubwa ya ukutani aliyoitundika kwenye mti. Chande alimwendea mapema, akiwa na kofia mkononi.

"Afande, mke wangu karibu anajifungua."

"Hongera sana."

"Asante. Sasa uchungu ukimwanza, nitamkimbiza hapa. Dakika thelathini na moja ni nyingi, Afande. Wa kwanza tulimpoteza kwa chini ya hizo."

Ngwale akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Dharura inaruhusiwa. Sheria haina roho mbaya. Mnaniletea taarifa ya dharura siku saba kabla ya dharura."

"Nitajuaje siku saba kabla?"

"Hapo ndipo ninapowashangaa watu. Hamjipangi." Akamsogelea, akashusha sauti. "Mimi nakushauri kama ndugu. Njoo polepole. Ukija polepole hutakaa hata dakika moja."

Chande aliukalia ushauri ule akiuwaza siku nzima. Akikimbia, atafika upesi na kusubiri. Akitembea, atachelewa na kupita. Kwa vyovyote mtoto anadaiwa muda ule ule, na miguu yote aliyokuwa ameijenga alfajiri baada ya alfajiri haina thamani tena. Hata hivyo asubuhi iliyofuata alipakia gunia.

"Sasa unakimbilia nini?" Sikudhani alimuuliza. Tumbo lilikuwa limeshuka.

"Nakimbilia benchi. Angalau pale nesi atakuona kwa macho."

Sikudhani hakutania siku hiyo. Alimshikia mkokoteni mpaka akamaliza kufunga kamba.

*

Uchungu ukaanza asubuhi ya Siku ya Maili. Mtoto hakuwa amesoma kalenda ya taifa.

Siku hiyo ilikuwa na ugumu wake. Muda wa zamani wa Mkuu ulikoma kutumika alfajiri, na muda mpya ulikuwa bado haujazaliwa. Kwa hiyo kila aliyemaliza maili siku hiyo alitakiwa kukaa na kusubiri mpaka Mkuu mwenyewe avuke mstari, ndipo nchi nzima ijue imechelewa kiasi gani. Redio zilifungwa kwenye miti kando ya mabenchi yote.

Chande alimlaza mkewe juu ya godoro, akashika mipini, akakimbia. Alikimbia maili ile kwa muda ambao nimeambiwa ni mzuri mno, na siutaji kwa usalama wa wahusika. Hakuna shimo hata moja lililomshinda. Sikudhani hakumfinya. Alishika kingo za mkokoteni, akatazama mbingu zikimpita.

Walikuta benchi limejaa. Watu wakawapokea kwa wema mkubwa, na hilo lazima niliseme, kwa kuwa wapo wanaodhani watu wale walikuwa wabaya. Mama mmoja akamvulia kanga yake ajifunike. Mwingine akampepea. Muuza kahawa, mzee Mbwiga, alitoa maji ya kunywa bure. Waliusogeza mkokoteni penye kivuli. Walifanya kila kitu anachoweza kufanya mtu aliyekaa.

Ng'ambo, Sista Apolonia, nesi wa zahanati, alitoka akasimama langoni, mikono imevaa glavu. Ilikatazwa mhudumu kuvuka kumfuata mtu ambaye hajafika.

"Maumivu yanapishana vipi?" aliuliza kwa sauti.

"Hayapishani tena," Sikudhani akajibu. "Yamekuwa moja."

Redio ikavuma. Mtangazaji alisema Mkuu wa Nchi ameanza mbio kwa kasi ya kutisha. Akasema amemaliza mzunguko wa kwanza. Akasema katika mzunguko wa pili Mkuu amesimama kuzindua choo cha uwanja. Katika mzunguko wa tatu, kwenye kona, sauti yake ikapungua kidogo.

"Naam, Mkuu anakaa. Mkuu amekaa chini, kwenye nyasi, kama mwananchi wa kawaida. Anatafakari. Mkuu anaendelea kutafakari. Sasa amejilaza ili atafakari kwa kina zaidi. Madaktari sita wanamkimbilia kumpongeza. Wanampongeza kifuani. Wanaendelea kumpongeza kifuani kwa nguvu. Wameacha. Bendera ya taifa inaletwa, nadhani ni kumkinga na jua. Wanamkinga na jua mwili mzima."

Ukafuata wimbo wa wanafunzi. Benchi zima likawa linatazama vidole vya miguu.

"Amekufa huyo," alisema mzee Mbwiga.

"Nani amesema nini?" Ngwale akageuka.

"Nimesema kahawa imepoa."

Halafu ikaja sauti nyembamba ya Waziri wa Mwendo. Alisema kwamba mbio zinaendelea vizuri. Alisema wapo maadui wanaotamani kuisimamisha saa ya taifa, lakini saa hiyo haitasimamishwa na mkono wa mtu. Itasimama Mkuu atakapovuka mstari kwa hiari yake. Mpaka wakati huo, yeye Kasongwa, kwa unyenyekevu na bila kupenda, atamshikia nchi. Aliwataka raia wote waliomaliza maili wabaki walipo.

"Nchi nyingine zinakimbia," alimalizia. "Sisi tunafika."

Watu wakapiga makofi, wakiwa wamekaa.

"Chande," alisema Sikudhani. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mwenzake asiamshe wageni. "Mtoto anakuja, na anakuja vibaya. Kama yule."

Chande akainuka, akashika mipini ya mkokoteni.

Hakuwahi kupiga hatua. Mikono ikamdaka kutoka pande zote, mashati mazuri ya sikukuu, mikono ya watu anaowabebea mizigo kila siku. Mmoja alimshika kiuno. Wawili walimshika mabega, wakamrudisha benchini taratibu, wasimuumize.

"Ndugu, usituponze."

"Kaa, baba. Mkuu kabakiza mzunguko mmoja na kitu."

"Wewe ndiye uliyeuliza redioni. Hebu tosheka."

"Jamani, niachieni," alisema Chande. "Mimi sitaki kumshinda mtu. Nataka kuvuka barabara."

Ngwale alikuwa ameshika kipenga kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikuwa amesimama sawasawa, kama inavyotakiwa. "Nielewe, Chande. Mimi nina watoto wanne."

"Mimi sina hata mmoja," alisema Chande.

Hapo likatokea jambo ambalo Tume haikuwa imelifikiria. Raia wema walikuwa wengi, lakini mikono yao yote ilikuwa imejaa Chande. Hakuna aliyebaki wa kumshika Sikudhani. Aliteremka kwenye mkokoteni mwenyewe, mguu mmoja kisha mwingine, akakaza kanga ya yule mama kiunoni. Alipofika kwenye kamba hakuiruka wala hakuikata. Aliinama, akapita chini yake kama mtu anayepita chini ya nguo zilizoanikwa, akavuka barabara akiwa ameshika tumbo, kwa mwendo ambao hata Waziri asingeulalamikia.

Sista Apolonia alitoka nje ya lango. Alimpokea vumbini, hatua chache kutoka ndani, na hapo hapo akapiga magoti.

Ilichukua muda. Wote walitazama, na Chande alitazama kati ya mabega ya watu. Kisha kikasikika kilio chembamba. Wale waliokuwa karibu na mti walidhani ni redio, wakaipigapiga.

*

Tume ya Muda Mzuri ilikutana tena kwa dharura, nadhani ilikuwa imetoa taarifa siku saba kabla. Ikaamua kwamba, kwa kuwa Mkuu hajamaliza, hakuna raia wa kawaida anayeweza kuwa amefika. Na kwa kuwa hakuna aliyefika, mtoto wa Sikudhani hajazaliwa. Kilio kilichosikika kilikuwa cha muda. Zahanati ikakatazwa kumpa kadi ya kliniki. Sista Apolonia akahamishiwa kisiwani kwa Daktari Ruzika, ili wasiugue wawili.

Sikudhani hakushtakiwa. Kumshtaki kungelazimu kusema kwamba alivuka. Aliyeshtakiwa ni Chande, na si kwa kuvuka, maana alishikwa vizuri na mashahidi wote walithibitisha. Alishtakiwa kwa kuuliza.

Hakimu alimuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu.

"Nina swali," alisema Chande.

Mahakama ikaguna. Wakili wa serikali akainuka kupinga, lakini hakimu alikuwa mtu wa haki, akamruhusu.

"Tangu siku ile sijaonana na mke wangu. Nauliza tu, ni wa kike au wa kiume?"

Hakimu akafikiri, akavua miwani, akasema kwamba mahakama haina mamlaka ya kuzungumzia jinsia ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Akamfunga mpaka mbio zitakapomalizika.

*

Mbio hazijamalizika. Mkuu wa Nchi bado yuko kwenye kona ya mzunguko wa tatu. Kwanza alijengewa hema, kisha nyumba ya marumaru, na walinzi humzunguka wakiwa wamevaa raba, endapo atainuka. Kila asubuhi redio hutangaza kwamba bado yuko mbele. Kasongwa anamshikia nchi, bila kupenda, na ikulu ameipaka rangi upya mara mbili.

Mabenchi yameongezwa paa na migongo. Waliokuwa wamefika siku ile hawajaondoka. Huletewa chakula na walioko njiani, na walioko njiani wamejifunza kutembea bila kufika. Wazee waliokata roho wakiwa wamekaa wanahesabiwa kuwa wanasubiri. Mzee Mbwiga ni mmoja wao. Birika lake bado liko pale miguuni pake, na hakuna anayethubutu kulisogeza.

Gereza liko mbele kidogo kupita zahanati, katika barabara ile ile. Na kila siku mchana, msichana mwembamba wa miguu mirefu hutokea upande wa soko akikimbia, bakuli la chakula alichopika Sikudhani limefungwa kwa kanga mgongoni. Haangalii saa ya mtini. Anafika kwenye kamba, anainama kama alivyoinama mama yake, anapita. Ngwale, ambaye sasa amekuwa na mvi, huinua kipenga mpaka mdomoni. Lakini sheria haina kifungu cha kumzuia mtu ambaye hajazaliwa, na kabla hajamaliza kuwaza, mtoto ameshapita.

Kwenye ukuta wa gereza kuna dirisha dogo la juu. Mle ndani yupo mtu asiye na saa, ambaye husikiliza nyayo kuanzia zinapopiga kona ya soko.

"Baba, leo je?" msichana huuliza akiwa anahema.

"Umepunguza kidogo," hujibu dirisha.

Nilisema mwanzo kwamba nasimulia tu kama nilivyosikia. Mtu akikaa hapa husikia mengi. Akipita yule mtoto huinua vumbi, nasi tunakohoa, tunaelezana kwamba siku moja atatuponza. Kisha tunasogeleana, maana benchi limekuwa finyu, na tunauanza tena ule wimbo, hadi ule mstari wa mwisho kuhusu kuinuka.